Dobi Aliyejifunza Kusubiri

Mteja wa kwanza asubuhi ile alikuwa Kola Ngumu. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Jina lake halisi Mama Doa hakulijua, na wala hakuona haja ya kulijua. Kwa dobi watu hujulikana kwa nguo zao. Kola Ngumu alitaka kola zake zipigwe wanga mpaka zisimame zenyewe. Miongoni mwa wateja wake alikuwepo pia Suruali Tatu, aliyeleta suruali tatu kila mara. Na alikuwepo Koti la Ijumaa, mwanamke mmoja mpole aliyeleta makoti meupe kila Jumatatu na kuyafuata kila Ijumaa.

Kola Ngumu hajafika hata kwenye kaunta, Mama Doa ameshainuka. Ameshatoa mashati manne kwenye reli. Ameshayafunika kwa nailoni. Maskini mteja alifungua mdomo aulize habari za asubuhi, akakuta mzigo uko mkononi mwake.

"Mashati manne," alisema Mama Doa. "Wanga wa kutosha. Kifungo cha mkono wa kushoto kimeshonwa. Siku njema."

"Mbona hata sijasema kitu?" alisema Kola Ngumu.

"Hapa hakuna haja ya kusema."

Hayo ndiyo yaliyokuwa majivuno yake. Alipenda kusema, "Mteja wangu hafungui mdomo." Na tusimwonee, alikuwa na haki ya kujivuna. Wino, kutu, mafuta ya gari, hakuna doa lililomshinda. Jina la Mama Doa alipewa na wateja wenyewe. Na alijua kusoma watu kuliko alivyojua kusoma vitabu.

Duka lao lilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na kaunta, reli ya nguo na meza ya pasi. Kwenye meza ya pasi alisimama mumewe, mtu mrefu, mkimya, ambaye hata akiungua na mvuke hasemi kitu. Dirishani alikaa Bibi, mama wa mumewe. Kazi yake ilikuwa kushona vifungo na kuongea. Vifungo alishona vichache.

Chumba cha nyuma kilikuwa cha kufulia. Humo kulikuwa na mashine kubwa yenye mlango wa kioo. Mbele ya kioo hicho, juu ya mkeka, alikaa binti yao wa miaka minne. Kila mtu alimwita Kibanio. Tangu alipoanza kutambaa, mkono wake haukukosa kibanio cha nguo. Alikula nacho. Alilala nacho. Ukimnyang'anya, mtaa mzima utajua.

Kibanio aliipenda ile mashine. Nguo zikizunguka, naye anatulia. Mashine ikisimama, anaanza kulia. Basi Mama Doa alikuwa anaacha kila kitu, anakimbia, anabonyeza kitufe kabla kilio hakijakolea. Maziwa yake yalikuwa mezani kabla hajasikia kiu. Kiatu kilikuwa mguuni kabla hajafika mlangoni. Na mtu akimuuliza, "Hujambo, mtoto mzuri?" Bibi alijibu kule dirishani, "Hajambo, amekunywa maziwa, amelala vizuri, leo ana mafua kidogo."

Kibanio hakuwa anaongea. Hakusema neno hata moja.

Mwaka mmoja nyuma, daktari wa watoto aliwaambia kwamba Kibanio ana usonji. Aliwaeleza vizuri. Ubongo wake umeumbika hivyo tangu mwanzo. Anaona, anasikia na anawasiliana kwa namna yake. Si ugonjwa wa kuambukiza. Si laana. Si kosa la mama wala la baba. Kisha akawaandikia barua waende kwa mtaalamu wa lugha na mawasiliano. Walipeleka barua kliniki. Foleni ilikuwa ndefu, wakaambiwa watapigiwa simu.

Wakati wanasubiri simu, likatokea jambo la sikio.

Siku ya kwanza Kibanio alilia akajipiga kichwa. Mama Doa aliwasha mashine. Hakunyamaza. Siku ya pili alikataa kula. Bibi akasema ni meno. Baba akasema labda amechoka na kelele za dukani. Mama Doa alijaribu maziwa, mkate, viatu, kuogesha, kubeba. Alijaribu kila kitu anachokijua. Siku ya nne usaha ulitoka sikioni, ukachafua foronya.

Daktari wa masikio aliangalia sikio kwa taa yake ndogo, akatikisa kichwa.

"Hili limeuma sana," alisema. "Ngozi ya ndani imepasuka. Itapona, lakini mmechelewa. Hakuwaambia?"

 Njiani kurudi nyumbani Mama Doa alimfunika mtoto kwa kanga na kulia bila kujificha. Yeye, anayejua mteja anataka nini kabla hajafungua mlango, alishindwa kujua mwanawe anaumwa wapi. Siku nne. Hofu ikamkaa rohoni tangu siku ile. Siku nyingine itakuwa tumbo, au kifua, na mtoto hataweza kusema.

Basi akaamua kumfundisha mwenyewe. Alinunua kadi za picha. Kila jioni alimtoa Kibanio mbele ya mashine, akamkalisha mezani.

"Huu ni mpira. Sema mpira."

Kibanio aliangalia mlango.

"Nyumba. Sema nyumba. Haya, sema."

Kibanio aliteleza chini ya meza, akarudi kwenye mashine. Mama Doa akamfuata, akamrudisha. Siku moja akachukua kile kibanio cha mkononi, akakiinua juu. "Sema kibanio, ndiyo nikupe." Mtoto alilia mpaka akatapika. Mama Doa akampa kibanio, akakaa chini, akajiona hafai.

"Mkwe wangu, mwache mtoto," alisema Bibi. "Atasema akitaka."

"Na akiumwa kabla hajataka, mama?"

Bibi akachukua kifungo, na safari hii akakishona.

Simu ya kliniki ikaja wiki iliyofuata. Mtaalamu angewatembelea hapo hapo dukani siku ya Jumatano. Mama Doa alipiga deki mara mbili. Aliziweka kadi za picha mezani, zimepangwa vizuri. Saa nne mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mmoja wa gauni la kijani.

Mama Doa alimtazama, akakunja uso. Sura anaijua. Gauni halijui.

"Koti la Ijumaa," alisema hatimaye. "Lakini leo ni Jumatano. Makoti yako bado yana maji."

Mgeni alicheka. "Kumbe ndilo jina langu hapa? Sikufuata makoti leo. Mimi ndiye mtaalamu wa lugha na mawasiliano. Nimekuja kumwona binti yako."

Mama Doa akaona aibu, kisha akacheka naye. Mwaka mzima alikuwa anasubiri mtu huyu, na kila Ijumaa alikuwa anamkabidhi makoti. Hakuwahi kumpa nafasi ya kusema anafanya kazi gani.

Koti la Ijumaa hakuzigusa kadi. Aliomba kiti, akakaa pembeni, akaangalia tu. Akaangalia mashine ikisimama na Mama Doa akiruka kuiwasha. Akaangalia maziwa yakiletwa. Suruali Tatu alipoingia na kumsalimu mtoto, akasikia Bibi akijibu. Baada ya nusu saa akaja kwenye kaunta.

"Mama Doa, nikuulize. Nina zaidi ya mwaka naleta makoti hapa. Nimewahi kukuomba nini?"

Mama Doa akafikiri. "Hujawahi kuomba kitu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakupa kabla hujaomba."

Koti la Ijumaa hakusema kitu. Alimtazama kwa uso mkunjufu, akasubiri. Mama Doa aliona ukimya ule unamwasha. Akageuka, akaangalia chumba cha nyuma. Akamwona mwanawe mbele ya kioo, na glasi ya maziwa pembeni yake ambayo hakuna aliyeiomba.

"Ndiyo nini sasa," alisema polepole. "Ni mimi niliyemfanya asiongee?"

"Hapana. Hilo liondoe kichwani kabisa. Usonji haukutoka kwako. Mtoto mwingine ungemhudumia hivi hivi na angeongea tu, tena angekuchosha. Lakini Kibanio kuwasiliana kwake ni kazi ngumu. Anahitaji nafasi nyingi za kujaribu, na anahitaji sababu. Hapa sababu hana. Hata mimi ningekuwa sina sauti, makoti yangu ningeyapata."

Baba aliacha pasi, akasogea. "Lakini tumejaribu kumfundisha," alisema. "Mama yake kila jioni anakaa naye na kadi."

"Nimeziona. Ni kadi nzuri. Lakini Kibanio ana shida gani na mpira? Hapa hakuna mpira. Anachokipenda ni mashine. Basi tuanzie kwenye mashine. Darasa lake liko pale pale anapokaa."

Bibi akaangua kicheko. "Nimeishi mpaka nimeona mashine ya kufulia ikiwa shule."

Koti la Ijumaa alivua viatu, akakaa mkekani kando ya Kibanio. Hakumshika. Hakumwambia amwangalie. Aliangalia nguo, kama anavyoangalia mtoto.

"Zunguka," alisema. Akanyamaza. "Zunguka, zunguka."

Kibanio alipogonga kioo kwa kibanio chake, naye akagonga kioo kwa kidole. Mtoto akagonga mara mbili. Naye akagonga mara mbili. Kibanio akageuka, akamtazama usoni. Ilikuwa kidogo tu, kisha akageukia kioo. Lakini Mama Doa aliona. Mgeni ana muda mfupi tu pale, na ameshatazamwa.

Mashine ikasimama.

Mama Doa akainua mguu. Koti la Ijumaa akamwonyesha mkono, asubiri. Akasema, "Imesimama." Akaweka kidole karibu na kitufe, akamgeukia Kibanio, akainua nyusi, akangoja. Kibanio akanung'unika. Mama Doa akarudisha mguu chini. Alihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kibanio akanyoosha mkono, akashika kidole cha mgeni, akakisukuma kwenye kitufe.

"Washa," alisema Koti la Ijumaa, na papo hapo akabonyeza.

Nguo zikazunguka. Kibanio akarukaruka alipokaa.

"Umeona?" Koti la Ijumaa alimwambia Mama Doa. "Ameniomba. Ameomba kwa mkono. Mimi nimempa neno, na nimempa kitu alichokiomba. Sikumpa pipi wala kumpigia makofi. Zawadi ya kusema washa ni mashine kuwaka."

"Lakini hakusema."

"Bado. Na mimi sikumlazimisha aseme. Mkono wake ni mazungumzo tayari. Ukiupokea mkono leo, kesho atajaribu sauti. Ukiukataa mkono, ataacha kujaribu. Ndiyo maana siku ile ya kibanio alitapika."

Mama Doa akainamisha kichwa. Hakujua kwamba Bibi ameshamsimulia.

"Sasa sikiliza," aliendelea Koti la Ijumaa. "Kaa anapokaa. Cheza anachocheza. Punguza maswali, yeye si mwanafunzi wa mtihani. Sema maneno machache, yanayohusu kile anachokiangalia. Halafu subiri. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo, uso wako uonyeshe kwamba unamngoja. Akifanya lolote, akatazama, akanyoosha mkono, akatoa sauti, mpe. Akifika kwenye neno moja, wewe mrudishie mawili."

"Kumi?" aliuliza Mama Doa. "Mimi kwa kumi nimeshahudumia wateja wawili."

"Najua. Kwa huyu mteja mmoja, inabidi uwe dobi mzembe kidogo. Sahau kumpa kijiko. Mpe maziwa kidogo kwenye glasi, umwachie nafasi ya kutaka mengine. Lakini kuna sheria moja. Akiumwa, au akilia kwa kuzidiwa, usimsubirishe. Msaidie hapo hapo, na neno lake mpe."

Hapo Mama Doa akalitoa lililokuwa moyoni. Alisimulia habari za sikio. Alisimulia zile siku nne na swali la daktari. "Mimi sitaki ahutubie," alisema. "Nataka kitu kimoja. Siku akiumwa, aniambie."

Koti la Ijumaa alimshika mkono. "Sitakuahidi siku wala mwezi. Wako watoto wenye usonji wanaokuja kuongea sana. Wako wanaoongea kidogo. Wako wanaotumia picha au ishara maisha yao yote, na wanaeleweka vizuri. Lakini kueleza kuna njia nyingi, na moja ataipata. Hapa nani huwa anaumia?"

Wote wakamtazama Baba.

"Huyu anaungua kila siku," alisema Bibi. "Tangu mdogo hasemi. Nilimzaa hivyo hivyo."

"Basi kuanzia leo atasema. Akiungua, ashike pale alipoungua, aseme inauma. Aseme Kibanio akiwepo. Neno la maumivu mtoto alisikie kwenye maumivu yenyewe, si kwenye kadi."

Kwa hiyo kazi ikaanza. Lo, ilikuwa kazi.

Siku ya kwanza Mama Doa alihesabu mpaka tatu, mkono ukaenda wenyewe kwenye kitufe. Siku ya pili akafika tano. Siku ya tatu alikalia mikono yake miwili. Mashine imesimama, Kibanio ananung'unika, na mama mtu amekalia mikono. Kibanio alimtazama kwa mshangao. Kisha akamvuta mkono mmoja kutoka chini ya paja, akaupeleka kwenye kitufe.

"Washa," alisema Mama Doa, akabonyeza, na machozi yakamtoka.

Bibi ndiye aliyepata taabu kuliko wote. Mtu akimsalimu mtoto, ulimi wake unachomoka kabla hajajua. Mwishowe akajitafutia dawa. Akachukua kibanio cha nguo, akakiuma kwa meno. Mteja akiingia, Bibi ameuma kibanio, macho yamemtoka, vifungo viko mapajani.

"Bibi anaumwa?" aliuliza Suruali Tatu.

"Anasubiri," alijibu Mama Doa.

Baba naye, mtu wa maneno matano kwa siku, alianza kutangaza. "Inauma," alisema, ameshika kidole. Mara ya kwanza Kola Ngumu alishtuka akataka kuita msaada. "Usijali," alisema Baba. "Nafundisha." Ikawa mzaha wa duka zima. Hata wateja wakijigonga kwenye kaunta walishika goti na kusema, "Inauma," na kuchungulia nyuma kama Kibanio amesikia.

Na ni Baba aliyegundua mchezo wa shuka. Kila jioni yeye na mkewe walikunja mashuka makubwa ya nyumba ya wageni, mmoja huku, mmoja kule. Siku moja Kibanio alipita katikati. Baba akarusha shuka juu, likajaa upepo, likamshukia mtoto kichwani taratibu. Kibanio akacheka. Baba akasema, "Juu," akarusha tena. Kicheko tena. Mara ya tano Baba alishika pembe za shuka, akainua nyusi, akangoja. Kibanio akasimama chini yake, ametazama juu, miguu inacheza. Kisha akatoa sauti.

"Uu."

Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wameshaelezwa wasimshtue. Baba alisema tu, "Juu! Shuka juu," akalirusha mpaka likagusa dari. Lakini usiku huo alikula akitabasamu, na mkewe alimwona.

Koti la Ijumaa alikuja kila baada ya wiki mbili. Alileta wazo la picha. Walipiga picha kwa simu: mashine, glasi ya maziwa, shuka, choo, na Baba ameshika kidole chake na kukunja uso. Wakazichapisha, wakazining'iniza kwa vibanio kwenye kamba fupi, kimo cha mtoto. Kibanio akitaka kitu, anachomoa picha na kukupa.

Bibi alitoa kibanio mdomoni. "Mwanangu, akizoea picha si atakuwa mvivu wa kusema?"

"Hapana, Bibi. Picha haimzuii mtoto kusema. Wengi inawasaidia. Inampa njia wakati sauti bado inatafuta njia yake."

Bibi akaridhika, akakirudisha kibanio mdomoni.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalikwenda mbele kila siku. Kuna wiki nzima Kibanio hakutoa sauti hata moja. Kuna Jumamosi duka lilijaa, Mama Doa akasahau yote, akawa anakimbia kuwasha mashine kama zamani. Alipomweleza Koti la Ijumaa, alidhani atagombezwa.

"Hata mimi nyumbani kwangu nasahau," alisema Koti la Ijumaa. "Dakika chache za kukaa naye vizuri, mara nyingi kwa siku, zinatosha. Wakati wa kula, wa kuoga, wa kuvaa. Huhitaji kufunga duka."

Mwezi wa tatu Kibanio alisema "wasa", kidole chake mwenyewe kikiwa juu ya kitufe. Mama Doa akamrudishia mawili: "Washa mashine." Mwezi wa tano ilikuwa "wasa masi", na "juu", na "tena". Neno la tena lilimfaa kuliko yote. Alilitumia kwa maziwa, kwa shuka, kwa kubebwa. Picha nyingine zilichakaa kwa kuchomolewa. Lakini picha ya Baba na kidole chake haikuguswa. Kila jioni Mama Doa aliifuta vumbi, akairudisha kwenye kamba. Hakumwambia mtu.

Ikaja siku ya mvua. Mvua ikinyesha, kwa dobi ni vurugu, nguo hazikauki na wateja wanazitaka. Kaunta ilijaa. Kola Ngumu alikuwepo, Suruali Tatu alikuwepo, na wengine watatu walikuwa mlangoni wanakung'uta miavuli. Kule nyuma mashine ilikuwa inazunguka vizuri kabisa.

Mama Doa alihisi sketi inavutwa. Akaangalia chini. Kibanio amekuja mwenyewe, ameiacha mashine ikizunguka. Jambo hilo halijawahi kutokea. Mkononi hakuwa na picha. Alishika mkono wa mama yake uliokuwa umeshika namba ya nguo. Akauvuta chini. Akaubandika kwenye sikio lake la kulia.

"Uma," alisema.

Mama Doa akachuchumaa pale pale, katikati ya miguu ya watu.

"Inauma," alisema. "Sikio linauma."

"Uma kikio," alisema Kibanio, akaegemeza kichwa kwenye kiganja cha mama yake.

 Baba alisimamisha pasi. Bibi alifungua mdomo, na kibanio kikaanguka sakafuni, wala hakukiokota.

Mama Doa hakuhesabu mpaka kumi. Sheria aliikumbuka. Alimbeba mtoto, akamfunika kwa koti la mvua, akamwambia mumewe ashike kaunta.

"Na mashati yangu?" aliuliza Kola Ngumu, kisha akajirekebisha haraka. "Nenda, mama, nenda. Nitamwomba Baba. Mdomo ninao."

Daktari alikuwa yule yule, na taa yake ndogo ilikuwa ile ile. Kibanio alikaa mapajani pa mama yake, kibanio chake kimebana pindo la gauni. Daktari aliangalia sikio la kulia kwa muda, akazima taa.

"Limeanza kuwa jekundu," alisema. "Limeanza leo tu, pengine leo asubuhi. Mmewahi sana safari hii. Dawa hii itamaliza mambo kabla hayajawa makubwa." Akaanza kuandika, kisha akainua kichwa. "Hana homa, wala usaha. Mmejuaje kwamba ni sikio?"

Mama Doa alikuwa na maneno mengi. Angeweza kusimulia habari za shuka, na mikono iliyokaliwa, na Bibi na kibanio chake mdomoni. Hakusimulia hata kimoja. Alimweka mwanawe vizuri mapajani, akamtazama daktari usoni.

"Ameniambia mwenyewe," alisema.